Bila Viazi

Umeniuliza pa kula, Shaame,
na boti imekushusha juzi tu,
shati lako bado linanuka karafuu za Micheweni.
Funga hilo faili, basi. Skiza.

Supu ya asubuhi ni Mlandege,
nyuma ya duka la mabomba. Hakuna kibao.
Fuata sauti ya Nassor
akiwagombeza wateja kama watoto wa kambo.
Mwambie ya kongoro, na ndimu ukamue mwenyewe,
maana yeye akikukamulia huhesabu matone.
Chapati zake usiziguse, zina kinyongo.
Nunua kwa jirani, uingie nazo mkononi;
Nassor ataguna, ataangalia ukutani,
kisha atakuletea sahani ya kuziwekea.

Wali wa mchana ni kwa Bi Salhina, Kikwajuni,
ukumbini mwake, meza mbili,
na ya tatu ni cherehani iliyofunikwa kitambaa.
Jumatatu changu wa nazi.
Jumanne ni bahati yako.
Ijumaa pilau, lakini lipia kabla ya kwenda msikitini,
ukichelewa unakuta ukoko.
Mimi huchelewa.
Mwenyewe hunionea huruma, hunipunguzia mia tano,
na hajui kwamba ukoko ndio ninaoufuata.

Shangani nilikwenda mara moja,
kule kwenye mishumaa na vitambaa vya meza,
mgeni wa idara alikuwa analipa.
Wakaniletea mnyiri mmoja wa pweza
katikati ya sahani pana kama ungo.
Nikakaa kwa adabu
nikisubiri ile saba iliyobaki.

Sasa urojo.
Hapa nakwenda polepole, maana pana jambo.

Ni kwa Bi Mwanakheri, Jang'ombe,
baada ya alasiri, ubavuni mwa duka la dawa.
Siku ya kwanza kufika pale
nilikuwa na karatasi ya hospitali mfukoni,
sukari imepanda, imeandikwa kwa wino mwekundu.
Nikasema: "Bila viazi, bibi,"
kwa sauti ya mtu anayeacha wosia.
Baada ya wiki wakaniita, wakaniomba radhi:
karatasi ile ya Haji Khamis,
na mimi ni Khamis Haji.

Nikarudi Jang'ombe mbio, nimekwisha samehewa,
na watu wamejaa, mabakuli yamenyooshwa,
naye akaniona juu ya vichwa vyao vyote:
"Wako bila viazi! N'shakujua!"

Nani, Shaame, katika mji huu,
anakataa kujulikana?

Mwaka wa kumi na moja huu.
Bajia natiliwa, kachori natiliwa,
mishkaki miwili, chatne, pilipili ya kunitoa machozi.
Bintiye Ridhaa amekua, ameshika upawa,
amerithishwa sufuria, na mimi pamoja nayo:
"Huyu baba hatiliwi viazi, usisahau."
Mwezi uliopita akasahau.
Kikadondoka kimoja bakulini mwangu,
cha manjano, kimelainika pembeni, kinafuka moshi,
na kabla sijakifikia
kijiko cha Bi Mwanakheri kikashuka kama mwewe.
"Tusamehe, mwanangu. Mtoto huyu ana haraka."
Nikasema si kitu.
Nikakitazama kikirudi sufuriani.

Ungelisema, utaniambia. Neno moja tu.
Sawa. Lisemee wapi?
Mbele ya watu, mwaka wa kumi na moja,
nimwambie bibi wa watu kwamba ananijua vibaya?

Basi leo tukitoka kazini twende wote.
Kaa nami kwenye ubao uleule.
Wewe ni mgeni, huna historia:
agiza kila kitu, na viazi utilie viwili.
Usinipe, wataona.
Kula tu, taratibu, usikimbilie kumeza,
kisha njiani tukirudi, tukishapita duka la dawa,
niambie vikoje.