Mara Mbili na Nusu

Alikuja Jumatatu, sijamaliza kufagia,
bahasha ya kaki kaibana kwapani kama hati ya shamba.
Mzee Mchopa, karani wa zamani.
"Nidurufie. Ila usikunje, wala usikate."

Ndani, karatasi sita ngumu:
meli imelala vipande vipande, kila kipande na namba yake,
kama kuku aliyechinjwa na mtu mwenye adabu.
Baharia wa meli ya korosho alimwachia, miaka hiyo,
kufidia deni la sigara.
Ukikata, ukagandisha, unapata meli ya urefu wa rula.

Hakutaka meli ya rula.
"Hiki ni kigezo," akasema. "Fundi nguo anacho ukutani.
Shati halishonwi kwa karatasi."

Nikabonyeza mia mbili na hamsini.
Mashine yangu ya Ligula, iliyozoea vyeti vya kuzaliwa,
stakabadhi za ghalani, barua za kuomba uhamisho,
ikakohoa, ikatoa omo.
Ikatoa tezi.
Ikatoa mataruma kumi na manne,
na juu ya kila moja ule mstari mweusi
ambao fundi wa Masasi ameshindwa kuufuta.
Tukaunga shuka kwa shuka juu ya kaunta.
Mwanafunzi mmoja wa chuo akashika pembe, akasahau kilichomleta.

"Urefu ukikua mara mbili na nusu," mzee akasema,
"ngozi inakua mara sita na robo,
tumbo mara kumi na tano na ushei."
Na unene?
"Unene mashine haiujui. Unautafuta mwenyewe."

Akautafuta kwenye plaiwudi ya kabati lililokufa.
Akabandika kigezo, akafuata wino kwa msumeno wa uzi,
na kila mpasuo uliochorwa kwa ajili ya karatasi
akaupanua kwa tupa, kidogo,
akijaribu, akitoa, akijaribu.

Nilipomtembelea Magomeni
mkuku ulikuwa juu ya kigoda, mataruma wazi,
samaki aliyeliwa upande mmoja.
Winchi za mchoro hakuziweka. Mahali pake
palipanda sitaha mbili na viti vya njiti za kiberiti.
Ndipo nikaijua: Msimbati,
iliyotupeleka Dar es Salaam masika barabara ikikatika.
Yeye ndiye aliyesimama ngazini na daftari.
Mama, bibi, na mimi mgongoni:
"Wawili na nusu," aliandika. Mama alipenda kulisimulia.

Wiki iliyofuata alirudi na rula, hana salamu.
Akailaza kwenye kioo. Tukapima kopi.
Sentimita kumi zilitoka ishirini na tano
na milimita tatu.
Mashine yangu huvuta karatasi kwa urefu,
kwa upana ni mwaminifu.
Meli nzima, milimita tisa za uongo.

Nikafungua droo nimrudishie hela.
"Funga," akasema. "Mkuku na sitaha vimekosea pamoja.
Vinaelewana."

Iliisha mwezi wa korosho. Chini aliipaka
mafuta ya maganda, yale yanayounguza vidole;
juu nyeupe, na jina kwa mkono wa karani.
Nilihesabu madirisha, mazoea ya dukani:
ubavu wa kulia ishirini na moja,
wa kushoto ishirini na mbili.
"Na hili?"
"La mashine yako."
Akafuta gundi kwenye kucha, taratibu.
"Tena nusu hatukuwapa dirisha."

Karatasi sita ziko chini ya kaunta yangu, nzima.
Hajazidai. Sijazikata.

Siku ile niliinama, nikaweka jicho.
Giza, harufu ya gundi, njiti mbili za viti,
na kwenye taruma, kigezo kikiwa bado kimeganda,
mstari mweusi wa mashine yangu
ukishuka wima hadi kwenye mkuku.