Mkia Juu ya Mpaka

Ziwa halikubisha hodi.
Lilianzia mferejini, likaja na magugu yake,
likaingia shamba la mtama la mama
likakaa, kama mgeni aliyesahau kwao.
Huu mwaka wa tatu. Maji yananifika magotini,
nyasi zimesimama ndani yake, vichwa nje,
kama darasa zima lililopelekwa kuoga.

Baba mdogo Obade ameketi juu ya tuta.
Macho yake yameingia ukungu, masikio bado.
Miaka ishirini na miwili kule Kericho
alianika nyuzi za mameneja wa chai,
akawashikia viatu, akawahesabia trauti,
na siku ya kustaafu wakampa ufito huu,
kiungo cha juu kimevunjika, na mkono wa kwaheri.
Ogenya nzima ilicheka:
samaki gani wa Kano anayekula manyoya?

Manyoya ni ya kanga. Nimeyafunga mwenyewe
kandokando ya cherehani, usiku, kwa uzi wa hudhurungi
uliobaki kwenye sweta za shule.
Shule nayo imo majini. Sweta hazijachukuliwa.

"Usitafute samaki," ananiambia. "Soma nyasi."
Nasoma.
Upepo huzilaza zote pamoja,
huyu anazigusa mmoja mmoja.
Unyasi umetetemeka. Halafu wa pili yake.
Kisha mkia, mweusi, mpana kama kiganja cha mpishi,
umechomoza, umepunga hewa, umezama.
Mumi. Yuko kichwa chini, anafukua
minyoo palipokuwa na njugu zetu.

Nyuma. Subiri.
"Subiri uzi unyooke, Akumu, acha pupa ya kuku."
Mbele.
Uzi ukanipita juu ya kichwa ukinong'ona,
manyoya yakatua.
"Umepitiliza," akasema asiyeona.
Na kweli nilikuwa nimepitiliza.

Mara ya pili, ya tatu. Ruba akaning'ang'ania kifundoni,
nikamwacha anywe.
Mara ya tano
dunia ikashika.

Hakuruka. Mumi si wa kuruka.
Alivuta kama ng'ombe anayekataa josho,
akaukata uwanja, nyasi zikifunguka mbele yake
na kufunga nyuma yake,
moja kwa moja hadi ua wa minyaa.

Ng'ambo ya minyaa ni kwa Nyangweso.
Miaka kumi na mmoja tuko mahakamani
kwa hatua nne za udongo
ambao leo hakuna anayeuona, hata hakimu.
Jiwe la mpaka liko chini, limeota mwani.
Mumi alilipita bila wakili.

Nyangweso alikuwemo, suruali imekunjwa,
mgono wake mabegani. Uzi wangu
umenasa kwenye tawi lake, au letu.
Akautazama. Akanitazama.
Nikafikiria kisu kilicho kiunoni mwake,
maana mimi ningekitumia.
Akautua mgono, akaja polepole,
amefumba jicho moja kuhofia utomvu,
akaunyanyua uzi kwa vidole viwili
kama mtu anayetoa unywele kwenye uji wa mgeni.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Nikavuta hadi ufito ukalia
pale pale ulipovunjika Kericho,
na mumi akaja, sharubu mbele, amechoka, mzito,
manyoya ya kanga yamemning'inia mdomoni
kama mzee aliyelala na kijiti cha kuchokolea meno.

"Nani amekufungulia uzi?" akauliza Obade.
Sikumjibu. Alikuwa anasikiliza maji,
hatua zile zikirudi upande wa pili.
"Mguu wa kushoto bado anauburuta," akasema.
Akanyamaza kidogo.
"Mkatie kichwa. Kichwa ndicho kinono."

Nilikipeleka kwenye jani la mgomba,
nikakiweka juu ya mgono, sikungoja shukrani
na sikuzipata.

Kesi iko palepale: Alhamisi, saa tatu.
Nitakwenda na viatu mkononi hadi barabarani
ndipo nivivae. Naye, najua, atafanya vivyo hivyo.

Manyoya nimeyatundika dirishani yakauke.
Yananuka tope la shamba.
La nani, sijui.