Nani Analisha Farasi?

Sungurlu yote imelala, duka langu la dawa ndilo lenye zamu.
Taa nyekundu mlangoni inawaita wenye homa,
na mimi, nyuma ya kaunta, juu ya migongo ya risiti za mwezi jana,
nampeleka Malkia Hashtawi vitani kati ya nyota.

Mji wake ulikuwa huku, nusu saa kwa gari:
mawe, nyasi, lango la simba wawili, mmoja hana uso.
Watalii huja Julai, hupiga picha, huuliza choo kiko wapi.
Nimemng'oa humo malkia pamoja na kuta zake,
nikampa merikebu ya shaba ndefu kama bonde,
na miungu elfu moja ya nchi yake
imepanga foleni ushorobani,
ikigombea bakuli moja la shayiri.

Ukurasa wa mia mbili na kumi. Mkataba wa amani
umechorwa kwenye bamba la fedha, na adui yuko mbali:
mwanga wenyewe huchukua miaka arobaini kufika kwake.
Mjumbe anaitwa Tarhuzi. Nilimkusudia neno moja tu,
kama wangempa waandishi wa udongo: alitumwa.
Kalamu ikakataa kumwacha.
Nikampa kikohozi cha baba yangu,
aliyeendesha lori la saruji hadi mpakani miaka ishirini na sita
akitafuna dengu za kukaanga asije akasinzia.
Nikampa na dengu. Nikampa hata ule mtindo wake
wa kukunja hati mara nne na kuzificha ndani ya soksi.
Bamba la fedha halikunjiki. Nikafuta.
Nikaandika tena, likakunjika.

Malkia ananung'unika: vita vyangu viko wapi?
Ngoja, mama. Ngoja kidogo.

Saa nane na robo, kengele.
Durmuş, mchungaji, kofia kwapani, matope hadi magotini:
"Mtoto anachemka."
Nikiwa natafuta dawa rafuni, yeye akasoma karatasi zangu juu chini.
"Unaandika nini, dada? Madeni?"
Usiku huo uongo ulinishinda. Nikamweleza yote:
merikebu, malkia, magari ya vita elfu tatu
yaliyopangwa tumboni, magurudumu yamepakwa mafuta,
wapiga mishale wanangoja amri.

Alisikiliza kama mtu anayepewa bei ya kondoo.
Kisha: "Na nani analisha farasi?"

Miezi kumi na minne ninaandika.
Nina ekseli, nina hatamu, nina viboko vyenye vipini vya pembe,
na farasi sina hata mmoja.

"Na samadi," akasema, bila mzaha, "itaangukia wapi,
kama huko hakuna chini?"

Nikampimia dawa ya mtoto wa kilo kumi na moja,
nikaandika kwenye boksi, nikasamehe chenji.
Pikapu yake ikakohoa mara mbili, ikaenda.

Nikaketi. Tumboni mwa merikebu nyasi kavu zikaanza kuelea,
polepole, kama vumbi kwenye mwali wa dirishani.
Tarhuzi, mvi tupu sasa, anazidaka moja moja
na kumlisha farasi mmoja wa kijivu
aliyezaliwa safarini, ambaye hajakanyaga ardhi,
miguu yake minne haijui kazi yake.
Na malkia ameshuka mwenyewe, bila taji,
kushika ndoo, anauliza ishikwe vipi.

Karibu na adhana ndipo nilipoona
katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wangu:
kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula.
Nilimwambia na kwa mdomo, alhamdulillahi.
Lakini huko kijijini, chini ya taa ya jikoni,
mama wa mtoto analigeuza boksi na kusoma:
Ashanu. Wa kijivu. Hupenda kukunwa shingoni.