Neno Lililovaa Magamba

Tuulikki, mgeni wetu hapa Langoni, Lamu,
aliandika "joka" kwa Kifini chao
nyuma ya risiti ya unga:
lohikäärme. Lohi samaki, käärme nyoka.

"Basi mkunga huyo!" Bi Mwanatumu akacheka.

La. Samaki hakuwamo.
Lilikuwa neno la jirani, la kuruka,
likachakaa vinywani mwa waliolikopa
hata masikio yakalivika magamba
ya samaki waliyemzoea.

Juu ya taa, mjusikafiri alimeza nondo.
"Na huyu, alikufuru nini?"
"Alipuliza moto wa Nabii Ibrahimu, uzidi."
Tuulikki akainua kalamu:
"Kumbe joka lenu ni hili!"

Mjusi akasonya,
akaingia nyuma ya saa,
mkia ukabaki nje.