Mti wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Mimi ndiye katibu wa Tujaribu,
kikundi cha watu kumi. Mmoja amehamia Mpanda,
bado tunamwandika, maana miche yake haikuhama.
Daftari ni langu. Kalamu nimeifunga kwa uzi
isije ikatembea kama ile ya mwaka jana.

Mhesabu miti alikuja na pikipiki kutoka Urambo,
saa nne, jua limeshakaa juu ya mabati.
Simu yake inaongea na setilaiti.
Utepe wake hupima unene wa mti kwenye kimo cha kifua,
na Nyamizi akauliza: kifua cha nani?
Tukacheka. Mhesabu hakucheka. Akaandika.

Tumbaku ilikuwa na mizani.
Robota linapanda, mshale unatikisika,
mteuzi ananusa, anabinya, anatamka daraja,
unaweza kulia, lakini umeona kwa macho yako.
Hewa hii haina robota.
Wanasema mti unavuta moshi wa watu wa mbali,
unaufungia ndani ya mbao, kimya,
na huko mbali mtu analipa ili apate usingizi.
Sijui kama anaupata.
Mimi hulala nusu.

Maana nami ninao moshi wangu.
Miaka kumi na tisa bani langu lilikula mitundu,
likala mininga, likala msitu
hadi mkokoteni ukawa unalala njiani na magogo.
Siku saba, usiku na mchana, huachi moto ufe;
jani likigeuka rangi unaona ada ya shule.
Mihayo alisoma kwa miti ile. Sikatai.
Cheti chake nikikishika, kinanukia jivu.

Basi tukahesabu,
safu kwa safu, mijohoro, migunga, mininga michanga,
mhesabu mbele, mimi na daftari,
nyuma yetu mbuzi wa Kapela
waliotozwa faini na kikundi mara mbili,
na mara zote mbili faini ikalipwa kwa maziwa.

Kwa Nyanzala tulifika jua la utosi.
Alipanda mia tatu. Ukaja mwaka wa mchwa,
ukaja mwaka wa mvua kunyesha kwa jirani.
Mia mbili na kumi, akasema mhesabu.
Na huyu, akasema Nyanzala.

Kijiti. Hakina jani hata moja.

Mama, huo umekufa.

Nyanzala hakujibu. Alipiga goti,
akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba,
taratibu, kama mtu anayefungua
jicho la mtoto mwenye homa.

Kijani.
Upana wa ukucha tu, kibichi, chenye utomvu.

Mhesabu akaitazama simu, simu haina neno.
Akautazama utepe, utepe hauna pa kushika.
Kisha akavua kofia yake ya pikipiki,
akainama, akanusa.

Fedha ziliingia Jumanne, kwa mlio mmoja.
Ukigawanya, kila mti umepata bei ya viberiti viwili.
Hilo nililiandika, nikalikata,
nikaliandika tena, kwa kuwa katibu hafichi hesabu.
Nyanzala alinunua dumu la kumwagilia
kwa miti arobaini na kitu.
Kapela alinunua kamba.
Mimi sikununua kitu; nilikwenda nikasimama
mlangoni mwa bani langu. Kuku wanatagia mle siku hizi,
na kuta bado nyeusi mpaka darini.

Daftari lina safu mbili: Hai. Mfu.
Kwa ajili ya kile kijiti nilichora ya tatu kwa rula,
sikuipa jina.
Kwenye kikao Nyamizi aliigusa kwa kidole,
akauliza, na hii ni ya nani?

Nikasema tusome kwanza muhtasari.