Tairi la Delmer

Alikuja nalo kwapani
kama mtu aletaye jogoo mnadani:
tairi la gari dogo, jipya,
bado lina vinyweleo vyake vya mpira.
Akalilaza kaunta, juu ya risiti zangu.
"Hili," akasema, "livishe pikipiki yangu. Nyuma."

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Delmer Krueger, miaka sabini na minane,
shati limefungwa vifungo hadi kooni.
Bi Marlys, mwenye duka, akatoka ofisini, miwani utosini.
"La pikipiki lina mgongo wa yai, Delmer,
hili uso wake bapa kama kibao cha chapati." (Hapo kwenye chapati ni mimi;
yeye alisema kitu kingine.)
"Pikipiki haikati kona, huiinamia.
Siku hili likikataa kuinama,
mahakamani nitaitwa mimi."
Akaandika karatasi, akaipigia mstari mara mbili.
Delmer akatia sahihi bila kuisoma.

Mtaka cha mvunguni, nilifunzwa, sharti ainame.
Lakini hapa Salina, mvungu uko wapi?
Barabara ya magharibi imenyooka
kama uzi wa mwashi,
ngano kushoto, ngano kulia,
kona ya kwanza ya maana iko jimbo jingine.
Kila mwezi Delmer huenda Pueblo
kucheza karata na dadake Verna, asiyeona,
karata zilizotobolewa kwa sindano.
Na Verna, asema, humwibia.
Maili mia nne kwenda, mia nne kurudi;
tairi la pikipiki halimalizi mwaka,
mwezi wa kumi liko kipara.
"Nimechoka kununua," akasema.
"Hili litanizika."

Nikalivika.
Kwetu Korogwe nimeona tairi la baiskeli
lililoshonwa kwa kamba za mkonge likabeba magunia,
kwa hiyo sikushangaa; niliogopa tu.
Maji ya sabuni ukingoni, upepo,
upepo tena, likagoma,
nikarudi nyuma hatua mbili, nikaongeza,
pu!
upande mmoja.
Nikangoja. Jasho. Pu! wa pili.
Kati ya mpira na chuma
palibaki upana wa kidole changu kidogo.

Nikaijaribu nyuma ya maghala ya nafaka.
Pikipiki ikawa na mawazo yake.
Nikiilaza, yasimama.
Nikiiacha, yafuata kila mfereji wa lami
kama mbwa aliyenusa kitu.
Mkono mmoja ukabembeleza, mwingine ukalazimisha,
na katikati ya mzunguko wa tatu
nikahisi bega la tairi likikubali:
si kuinama,
ni kukunja goti, shingo upande,
kama mimi wiki zangu za kwanza dukani
nikiambiwa niseme jina langu polepole.

"Inakwendaje?" Delmer akauliza.
"Inabishana," nikamwambia.
Akatikisa kichwa, akaridhika,
kana kwamba hilo hasa ndilo alilolipia.

Usiku ule sikulala vizuri.
Wala Jumamosi zilizofuata, kukinyesha.
Nilikuwa nikiona Pueblo, mahali nisipopajua,
na kona, na kibao bapa cha mpira
kimesimama wima pale pasipotaka wima.

Miaka mitatu.
Leo asubuhi mlio nikaujua kabla ya kuinua macho.
Akashuka mguu mmoja mmoja, kwa mazungumzo na goti,
akanionyesha nyuma kwa kidole gumba.
Katikati kashata imekwisha kabisa, nyeupe ya nyuzi yachungulia,
pembeni mpya kabisa, haijaguswa,
vinyweleo viwili bado vipo.

Delmer akalitazama kama mtu makaburini.
"Limenitangulia," akasema.

"Na Verna?"
"Bado mwizi."

Bi Marlys alikwisha toka na karatasi,
mistari miwili, wino ule ule.
Safari hii Delmer akavaa miwani,
akavuta kiti,
akaisoma yote,
neno kwa neno,
mdomo ukicheza.