Maji ya Jumatatu

Saa moja na dakika kumi, kabla foleni haijashika ukuta
wa kliniki yetu pale Bondeni, Nakuru,
Kageha huvua viatu vya njiani,
huwasha mashine kabla ya kuwasha taa.

Siku mbili maji yamelala mrijani,
mrija mwembamba kama bua la ngano;
siku mbili hayakutumwa,
na maji yasiyotumwa hujitafutia kazi.
Hufuma. Utando wa ute ukutani mwa plastiki,
nyumba ya wapangaji wasiolipa kodi:
Jumamosi wanazaliana,
Jumapili wamekuwa ukoo.

Mimi ndimi niliyecheka.
Mimi, daktari, mwenye shahada ukutani,
siku alipobeba chupa ndogo ndani ya barafu
kama abebaye samaki wa mgeni,
akapanda bodaboda hadi maabara.
Nilishainua glasi dirishani,
nikaiona Menengai kupitia maji yale,
kila ufa mahali pake.
Nikamwambia: Tazama. Safi kama machozi.
Akasema: Machozi nayo yana chumvi, daktari.

Jibu lilirudi Alhamisi, karatasi moja.
Nilitarajia makumi.
Nikahesabu sufuri kwa ncha ya kalamu
kama mtu asomaye deni la marehemu babake,
nikahesabu tena.

Koleo nilizipika kwa mvuke.
Glavu nilibadilisha, barakoa nilifunga,
mikono niliisugua hadi ikapauka.
Kumbe kila drili ilipolia
nilimwaga kinywani mwa watu
wikendi nzima ya mrija.
Kinywani mwa Tito, miaka sita, jino la nyuma.
Kinywani mwa Mama Wangechi, ambaye dawa za saratani
zimeushusha ulinzi wa mwili wake kama pazia.
Hawakuugua. Ama waliugua
wakalaumu vumbi, baridi, chakula cha matanga.
Sitajua. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Sasa kuna daftari, jalada la bluu, mwandiko wake wa kuinama.
Ijumaa jioni: chupa imemwagwa, mirija imepulizwa hewa ikakauka.
Jumatatu: dawa, saa, subira, suuza.
Dakika mbili kila mrija.
Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sekunde thelathini, hata foleni ikinung'unika.
Penye kisu, maji ya chupa iliyofungwa, si haya.
Mwisho wa mwezi, barafu, bodaboda, maabara.
Nauli natoa mimi, wala sicheki.

Wa kwanza leo ni mzee Chelimo wa Njoro,
meno ya kahawia, kazi ya kisima cha utotoni.
Anautazama mrija
kama mtu amtazamaye nyoka aliyewahi kumuuma.
Maji yalishanila mara moja, anasema.
Haya je?

Natafuta jibu la kitabibu, refu.
Kageha, ametupa mgongo, anafunga mfereji:
Haya yamehesabiwa.

Mzee anafikiri.
Kisha anafungua kinywa.